Jinsi ya Kuzuia Jeraha Lisikatize Kazi ya Mwanamieleka Chipukizi

Tarehe 27 Desemba 2017, katika ukumbi wa Nassau Coliseum ulioko Uniondale, jimbo la New York, mwanamieleka wa Uingereza aliyejulikana kwa jina la Paige alipigwa teke la mgongoni katika pambano ambalo hata halikuwa likirushwa na televisheni. Teke lenyewe lilikuwa la kawaida katika kazi aliyoianza akiwa na miaka 13 kwenye ulingo wa wazazi wake mjini Norwich. Safari hii alianguka akashindwa kuendelea, mwamuzi akasimamisha pambano, na tarehe 9 Aprili 2018, akiwa na miaka 25 tu, akawaaga watazamaji na kutangaza kwamba anastaafu. Shingo yake, iliyoumia usiku ule, ilikuwa imekwisha kufanyiwa upasuaji mwaka 2016.

Nimeanza na habari yake kwa sababu vijana wengi wanaoingia katika mieleka ya kulipwa huogopa pigo moja kubwa la ajali, wakasahau hesabu ya maanguko madogo ambayo mwili unaihifadhi mwaka baada ya mwaka. Tena, ukifuatilia maisha ya wanamieleka waliokatizwa safari mapema, utaona kwamba mara nyingi hatima yao iliamuliwa katika saa, siku na wiki zilizofuata jeraha, pale mtu alipoamua kuendelea, kunyamaza au kurudi kabla hajapona. Ajali huwezi kuizuia kila mara, lakini uamuzi wa baada ya ajali uko mikononi mwako, na ndio ninaotaka kukusaidia kuufanya vizuri.

Mwongozo huu nawaandikia vijana wanaojifunza, makocha wao na wazazi wao. Huko Mukono nchini Uganda vijana wamejenga ulingo wa matope wenye nguzo za mianzi, na video za mapambano yao zimetazamwa duniani kote. Wapo pia vijana wetu walioko Ulaya na Marekani wanaojiandikisha katika shule za mieleka. Matope huuhurumia mgongo kuliko mbao, lakini shingo iliyokunjwa vibaya haitambui imeangukia wapi.

Jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kurusha

Mshindi katika mieleka hii hupangwa, lakini maanguko hayaigizwi. Ulingo wa kawaida ni fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao tabaka jembamba la sponji, kisha turubai. Mtu anayeangukia hapo mara thelathini katika zoezi moja, siku nne kwa wiki, anaupa mwili mzigo ambao hakuna msuli unaoweza kuubeba kama mbinu ni mbovu.

Anza kwa kuchuchumaa, usianze ukiwa umesimama. Kidevu kikae karibu na kifua kana kwamba umebana chungwa kati ya kidevu na shingo, na chungwa hilo lisidondoke mpaka umemaliza kuanguka. Mgongo wa juu, ile sehemu pana iliyo kati ya mabega, ndio upokee sakafu, na upokee wote kwa pamoja. Mikono miwili itanuke kidogo kutoka ubavuni, viganja vikitazama chini, ipige sakafu wakati uleule mgongo unapogusa. Toa pumzi kwa nguvu unapotua, maana anayeanguka huku amebana pumzi huumia kifua na kubaki akitweta. Magoti yawe yamekunjwa na nyayo zitue bapa. Usitangulize mkono nyuma kujizuia, kwa kuwa mkono unaotangulia ndio unaovunjika kifundo au kuteguka kiwiko.

Kocha asimame ubavuni mwako na aangalie kichwa peke yake. Kisogo kikigusa sakafu hata kidogo, zoezi lirudi kwenye kuchuchumaa, na mwanafunzi asione aibu. Weka daftari na uandike idadi ya maanguko ya kila siku, kama vile mkimbiaji anavyoandika kilomita zake. Ukichoka, shingo ndiyo huchoka kwanza, kidevu kikaanza kuinuka bila wewe kujua. Siku ya aina hiyo fanya mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega, kisha nenda nyumbani.

Uchovu na mazoea havimwachi hata bingwa. Hayabusa, ambaye jina lake halisi lilikuwa Eiji Ezaki, alikuwa miongoni mwa wanamieleka wa Japani waliosifika kwa kuruka. Tarehe 22 Oktoba 2001 alijaribu kupinduka kinyumenyume kutoka kwenye kamba, mruko aliokuwa ameufanya kwa miaka mingi, mguu ukateleza, akatua kwa kichwa na kupooza. Alifariki mwaka 2016 bila kurudi ulingoni kupigana. Kabla ya mruko wowote unaoanzia kwenye kamba, zishike kamba hizo mwenyewe mchana, kabla watu hawajaingia, uone kama zimelegea au zina unyevu.

Mwenzako ndiye kinga yako

Katika mieleka unamkabidhi mpinzani mwili wako, naye anakukabidhi wake. Tarehe 3 Agosti 1997 Steve Austin alikuwa akipanda haraka kuelekea ubingwa wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani (wakati huo WWF), alipogeuzwa kichwa chini miguu juu na mpinzani wake Owen Hart. Pigo hilo likifanywa kwa kupiga magoti, kichwa cha aliyebebwa hubaki na nafasi kati ya mapaja. Owen alishuka kwa kuketi, na kichwa cha Austin, kilichokuwa kimezidi chini ya mapaja, kikagonga sakafu kwa uzito wa watu wawili. Austin alipoteza hisia mwilini kwa muda, akajikokota na kumaliza pambano. Alipata umaarufu mkubwa baada ya hapo, lakini alifanyiwa upasuaji wa shingo Januari 2000 na akastaafu mwaka 2003 akiwa na miaka 38. Tofauti ya kupiga magoti na kuketi ndiyo iliyoamua, na ni jambo linaloweza kuulizwa kwa sentensi moja kabla ya kutoka chumbani: “Unashukaje nalo?”

Darren Drozdov alikuwa na miaka 30 tarehe 5 Oktoba 1999, alipobebwa mabegani na mwenzake D'Lo Brown katika ukumbi uleule wa Nassau Coliseum. Mshiko haukukaa sawa, Drozdov akatua kwa kichwa, shingo ikavunjika na akapooza. Alikataa kumlaumu mwenzake mpaka alipofariki mwaka 2023. Kwa anayejifunza, somo liko kwenye mshiko: ukihisi mkono wa mwenzako umeteleza, au jasho limezidi, au nguo imelegea mahali unapotakiwa kushikwa, liache pigo hilo na mfanye jingine. Watazamaji hawajui mlichokuwa mmekipanga.

Pamoja na hayo, kubalianeni ishara tatu kabla ya kila pambano. Ya kwanza ni ya kubinyana mkono, ambayo mwenye kubinywa huijibu kumaanisha “niko salama”. Asipojibu, usimguse tena. Ya pili ni neno moja la wazi la kusimamisha kila kitu. Ya tatu ni ya mwamuzi, ambaye katika kampuni nyingi hupandisha mikono na kuipishanisha juu ya kichwa ili walio nyuma ya pazia wajue kwamba huyu ameumia kweli. Mwamuzi mpya apewe ruhusa ya kuitumia bila hofu ya kugombezwa na promota. Nikipewa nafasi ya kutunga sheria moja tu kwa ulingo wowote mdogo, ningetunga hiyo.

Tofautisha jeraha la kiungo na jeraha la shingo

Goti, bega, paja na kifua hudai muda, na aghalabu ukiwapa muda wao hukurudishia kazi yako. Triple H alichanika msuli wa paja tarehe 21 Mei 2001 na kurudi Januari 2002. Seth Rollins aliumia kano za goti Dublin, Novemba 2015, akavuliwa ubingwa, akarudi Mei 2016. Hata hivyo muda wenyewe una gharama. Finn Bálor alitwaa mkanda mpya wa WWE tarehe 21 Agosti 2016, akaumia bega katika pambano hilohilo, na kesho yake akalazimika kuurudisha. Alirudi mwaka uliofuata akiwa mzima, lakini hadithi ilikuwa imehamia kwa wengine, na mkanda ule hakuupata tena. Kijana asiyejiandaa kwa uchungu wa kuona nafasi yake ikikaliwa na mwingine ndiye hurudi na goti lililopona nusu.

Kwa jeraha la kano ya ndani ya goti iliyofanyiwa upasuaji, hesabu miezi tisa au zaidi kabla ya kupigana. Usipime kupona kwa maumivu kutoweka. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia apime nguvu ya mguu ulioumia dhidi ya ule mzima, apime kuruka kwa mguu mmoja na kutua, kisha urudi ulingoni kama mwanafunzi wa siku ya kwanza: kuchuchumaa, kuanguka, chungwa chini ya kidevu.

Shingo ni habari nyingine kabisa. Pingili za shingo zimefunika uti unaobeba amri zote zinazokwenda mikononi na miguuni, na njia unayopita uti huo inaweza kuwa nyembamba kwa kuzaliwa au ikasongwa na uvimbe na mifupa inayoota baada ya miaka ya maanguko. Dalili zake hujificha. Niliwahi kumwona kijana mmoja, hodari kuliko wenzake wote pale mazoezini, akishindwa kufunga kamba za viatu vyake. Alizungusha kamba, ikamponyoka, akazungusha tena, kisha akacheka na kusema mikono imeganda kwa baridi. Haikuwa siku ya baridi. Kocha wake alimketisha, akamwuliza tangu lini, na ikajulikana kwamba vidole vilikuwa na ganzi kwa wiki mbili, tangu alipoangukia kisogo, naye hakusema kwa kuogopa kuondolewa kwenye ratiba ya Jumamosi. Wiki mbili zile alikuwa ameanguka zaidi ya mara mia.

Kwa hiyo fanya vipimo vidogo kila asubuhi. Funga kamba na vifungo mwenyewe na uone kama vidole vinatii. Tembea kwa kufuata mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Geuza shingo taratibu kulia na kushoto, uone kama kuna umeme unaoshuka mkononi au mgongoni. Ganzi, mikono kutetemeka, kudondosha vitu, miguu kuwa mizito au haja ndogo kutoka bila kutaka, lolote kati ya hayo linamaanisha hakuna pambano mpaka umwone daktari wa mishipa ya fahamu au wa upasuaji wa uti wa mgongo, na mpaka upigwe picha ya MRI. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, nayo haitoshi kuona uti wenyewe.

Anapoanguka na asiinuke

Makocha na wenzao walio kando ya ulingo wajifunze sehemu hii mpaka waijue bila karatasi. Mtu akiangukia kichwa au shingo, asivutwe, asiinuliwe, asikalishwe, wala asivuliwe kitu kichwani. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa viganja viwili pembeni mwa masikio, viwiko vikiwa vimetulia sakafuni, na akizuie kisigeuke. Asikinyooshe kwa nguvu. Amwambie, “Usitikise kichwa, nijibu kwa sauti tu,” kwa sababu mtu akiulizwa swali hutikisa kichwa bila kufikiri. Mwingine amwulize kama anahisi akiguswa vidole vya mikono na miguu, na kama anaweza kuvichezesha. Wa tatu apige simu ya gari la wagonjwa. Akitapika, ageuzwe ubavu na watu wanne kwa mpigo mmoja, mwili na kichwa vikigeuka kama gogo, aliyeshika kichwa ndiye ahesabu moja, mbili, tatu. Pale ambapo gari la wagonjwa halifiki kabisa, tafuteni ubao mpana ulionyooka, mfungeni mwili mzima kwa kanga au mikanda, na kichwa kizuiwe pande mbili kwa nguo zilizoviringishwa. Asibebwe mgongoni wala asipandishwe bodaboda.

Mwezi Machi 2022, mjini Birmingham, Alabama, Big E wa WWE alirushwa nje ya ulingo akatua kwa kichwa na kuvunjika pingili mbili za shingo. Alitolewa kwa machela akiwa amefungwa barabara, na uti wake haukuumia. Bingwa huyo hajarudi kupigana, lakini anatembea.

Kichwa hakina bandeji

Mtikisiko wa ubongo ndio jeraha linalofichwa kuliko yote, kwa kuwa hauonekani na mwenyewe huwa na haraka ya kusema yuko sawa. Christopher Nowinski, mhitimu wa Harvard, alikuwa kijana mwenye nafasi nzuri WWE alipopigwa kichwani mwaka 2003. Aliendelea kupigana kwa wiki kadhaa huku akiumwa kichwa na kuficha dalili, na maumivu hayo ndiyo yaliyommalizia kazi. Mwaka 2007, pamoja na daktari Robert Cantu, alianzisha taasisi inayochunguza madhara ya mitikisiko kwa wanamichezo. Daniel Bryan naye, alipostaafu Februari 2016, alieleza kwamba miezi mitano ya kwanza ya kazi yake ilimpa mitikisiko mitatu. Aliruhusiwa kurudi Machi 2018 baada ya uchunguzi mrefu wa madaktari wengi. Miaka miwili ya katikati, akiwa katika kilele cha kupendwa na watazamaji, haikurudi.

Mtu aliyegongwa kichwa akaduwaa, akasahau mpango wa pambano, akayumba au akaona giza, atolewe siku hiyo na asirudi siku hiyo hata akijisikia vizuri baada ya nusu saa. Asilale peke yake usiku wa kwanza, asiendeshe chombo, asinywe pombe. Kutapika mara kwa mara, kichwa kuzidi kuuma, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, mboni za macho kutofautiana ukubwa au upande mmoja wa mwili kulegea ni sababu ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Baada ya hapo apumzike siku moja au mbili, aanze kutembea taratibu, kisha mazoezi mepesi, kisha mazito yasiyo na kuguswa, kila hatua ikichukua angalau saa 24, na dalili zikirudi arudi hatua moja nyuma. Kuguswa na kuanguka kuwe kwa ruhusa ya daktari tu. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuua.

Wazazi na wenza, nanyi mna kazi hapa. Ninyi ndio mtakaoona kwamba mtoto wenu amekuwa na hasira za ghafla, anakwepa mwanga, analala mchana au anauliza swali lilelile mara tatu. Mwambieni kocha, hata kama mtoto amewakataza. Kocha anayeruhusu mtu kupigwa kiti kichwani mbele ya watoto wa shule, ilhali WWE yenyewe ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2010, mwondoeni mtoto wenu pale.

Dawa za kutuliza maumivu nazigusia kwa ufupi: zisitumike ili uweze kupigana. Ukihitaji kidonge ndipo upande ulingoni, maumivu yamekwisha kukupa jibu. Dawa kali za jamii ya afyuni zimewaingiza wanamieleka wengi katika uraibu ambao ulidumu kuliko jeraha lenyewe.

Mkataba, fedha na kazi ya pili

Wanamieleka wengi, wakiwemo wa WWE, hufanya kazi kama wakandarasi huru na si waajiriwa. WWE hugharimia matibabu ya majeraha ya ulingoni, lakini promota mdogo anayekulipa kwa usiku mmoja aghalabu hatoi chochote zaidi ya pole. Kabla ya kutia saini uliza, na upate jibu kwa maandishi: nani analipia upasuaji, nani analipia fiziotherapia ya miezi inayofuata, malipo yanaendelea kwa muda gani nikiwa nje, na mkataba unaweza kuvunjwa kwa sababu ya jeraha? Soma pia bima yako mwenyewe, maana bima nyingi za binafsi hazigusi majeraha ya michezo ya kulipwa. Tenga sehemu ya kila malipo mpaka uwe na akiba ya kukutunza miezi sita bila pambano. Kijana asiye na kodi ya nyumba hurudi ulingoni mapema, na haijalishi daktari amesema nini.

Jifunze kazi nyingine ya ulingoni ukiwa bado mzima. Corey Graves alizuiwa kupigana mwaka 2014 kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo, akawa mtangazaji. Tyson Kidd, aliyeumia vibaya shingo Juni 2015, amekuwa miongoni mwa wapangaji wa mapambano. Kaa mezani na watangazaji, simamia mapambano kama mwamuzi, fundisha wanaoanza. Lugha yetu ina watangazaji wachache wa mieleka wanaoujua ulingo kwa miili yao.

Mwisho, siku utakapoketi mbele ya daktari na picha za shingo yako zikiwa ukutani, nenda na mtu unayemwamini na karatasi yenye maswali haya: Je, njia ya uti imebana kiasi gani ikilinganishwa na picha iliyopita? Je, anguko moja baya linaweza kunipooza? Je, ungemruhusu mwanao apigane akiwa na shingo hii? Aprili 2011 mwanamieleka Edge wa WWE alikuwa bingwa wa dunia, ametoka kushinda pambano katika tamasha kubwa kuliko yote ya mwaka, na mikono ilikuwa ikimfia ganzi. Alienda kupimwa zaidi. Siku nane baada ya ushindi ule alitangaza kustaafu akiwa na miaka 37, akaenda nyumbani kwa miguu yake, akalea watoto, na akapanda tena ulingoni Januari 2020, madaktari walipomruhusu.